Mbona Umekonda? Mbona Umenenepa?



Hebu vuta picha. Shule imefungwa, umerudi nyumbani Tosamaganga. Unashuka kwenye gari na begi lako, vumbi bado halijatulia, na kabla hujauliza habari za nyumbani tayari umepewa habari za mwili wako. Mama muuza ndizi anapiga makofi: "He! Umekuwa bonge, shule ina raha!" Mwenzako mliyeshuka naye anapewa ya kwake na mzee aliyekaa kwenye benchi: "Na huyu mbona amekonda hivi? Anaumwa?" Mnacheka wote wawili, maana ndivyo tulivyofundishwa. Lakini usiku, ukiwa peke yako, unajishika tumbo. Mwenzako naye anajishika mbavu.

Sisemi kwamba mama yule ana roho mbaya. Kwetu hiyo ni salamu kama salamu nyingine, na mara nyingi ni ya upendo. Shida ni kwamba ndani ya salamu hiyo kuna jicho linalojiona ni daktari. Linakutazama mara moja, linakupima, linakuandikia na ugonjwa. Katika makala hii nataka tulichunguze jicho hilo: limetoka wapi, linakosea wapi, na limewafanya nini vijana wawili ninaowafahamu.

Kilo zilizosikika shule nzima

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shahada bado ina joto la mashine, nilitumwa kwenye shule moja ya sekondari kupima uzito na urefu wa wanafunzi. Shule yenyewe sitaitaja. Tulikuwa wawili. Mimi nasoma mizani, mwenzangu anaandika. Mwenzangu alikaa kule dirishani kwenye mwanga, kwa hiyo mimi nikawa napaza sauti. "Arobaini na nane! Hamsini na mbili! Arobaini na tano!" Foleni inasogea, kazi inakwenda haraka, najiona mtaalamu.

Akapanda binti mmoja wa kidato cha pili. Nikasoma: "Themanini na moja!"

Kukawa kimya kidogo. Halafu kutoka kwenye foleni mvulana akasema neno moja: "Lumbesa!"

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, lumbesa ni lile gunia la viazi linalojazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa nundu juu na kushonewa kamba ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ile ile. Chumba kizima kikaangua kicheko. Na nikwambie ukweli, hata mimi nilitabasamu. Binti alishuka kwenye mizani, akavaa viatu vyake taratibu, akatoka. Nikaita anayefuata.

Niliporudi shuleni hapo baada ya wiki saba kumalizia kazi, matroni alinivuta pembeni. Tangu siku ile binti hakuwa na jina lingine. Lumbesa darasani, Lumbesa bwenini, hadi mwalimu wa zamu alikuwa ameponyokwa na neno hilo mstarini. Alikuwa ameacha kula mchana. Jioni alikuwa anakunywa chai ya majani aliyoletewa na rafiki yake kutoka sokoni, chai ya "kupunguza", inayompeleka chooni usiku kucha. Netiboli aliyokuwa akiipenda ameiacha kwa sababu ya ile sketi fupi. Na asubuhi moja kwenye mchakamchaka alianguka, akabebwa.

Nilimpima tena, safari hii tukiwa wawili tu. Alikuwa amepungua kilo nne. Nilipowasimulia wenzangu ofisini, mmoja aliuliza kama hayo tuyaandike kwenye ripoti kuwa ni mafanikio.

Jicho hili limetoka wapi?

Unene haukuwa tusi siku zote, wala wembamba haukuwa sifa. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ambako leo ni sehemu ya Mkoa wa Kagera, mwaka 1861, wakati wa utawala wa Rumanyika. Aliandika kwamba wanawake wa ukoo wa kifalme walikuwa wakinyweshwa maziwa kwa wingi mpaka wananenepa kiasi cha kushindwa kusimama bila msaada, na huo ndio uliokuwa urembo wenyewe. Hakuishia kutazama. Alimpima mmoja wao mkono, kifua na paja, kisha mwaka 1863 akavichapisha vipimo hivyo kitabuni dunia nzima isome. (Kwa hilo mimi na Speke tusichekane.)

Hata mbali na ikulu, kwa mkulima wa kawaida maana ilikuwa hiyo hiyo: mtu mnene ni mtu ambaye ghala lake halijawahi kukauka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mambo yaligeuka kidogo, maana kwenye katuni mnyonyaji alichorwa na kitambi. Lakini nyumbani mtoto mnene aliendelea kusifiwa, na bibi harusi aliyenawiri alipigiwa vigelegele.

Ndipo likaja jambo zito zaidi. Mwaka 1983, huko huko Kagera, waligunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa mpakani. Jirani zetu wa Uganda waliuita "Slim", yaani wembamba, kwa sababu ndivyo ulivyoonekana: mtu anayeyuka mbele ya macho yako. Wakati huo dawa hakuna. Ulipofika Nyanda za Juu Kusini ulikaa. Utafiti wa mwaka 2007-08 uliukuta Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado umeunganika na Njombe, ukiongoza nchi nzima: karibu watu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Katika utafiti wa mwaka 2022-23, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7 na Iringa asilimia 11.1, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4.

Tafakari maana ya namba hizo kwa wazazi wetu. Hakuna ukoo huku ambao haukumzika mtu aliyekonda kwanza. Kwa hiyo mama anapokusogezea sahani ya pili na kusema "kula unenepe", usimwone mshamba. Anachokumbuka ni matanga.

Lakini wakati jicho la nyumbani likitaka unenepe, jicho la pili likaingia sebuleni. Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata televisheni yake, na mwaka huo huo mashindano ya Miss Tanzania yalirudi baada ya kusimamishwa tangu miaka ya 1960. Aliyetembea jukwaani alikuwa mrefu na mwembamba. Leo jukwaa hilo liko kwenye simu, mfukoni mwako, saa ishirini na nne, na picha zenyewe zimekarabatiwa kiuno kabla hujaziona.

Je, picha zinaweza kuumiza kweli? Kisiwani Fiji, katika eneo la Nadroga, unene ulikuwa ukipendwa kama kwetu. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, na hakumpata hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998 kuhoji wasichana wengine wa umri ule ule, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa akifanya hivyo. Miaka mitatu tu!

Basi ndiyo hali ya binti wa Tosamaganga. Bibi anamwambia ale, simu inamwambia aache, na foleni ya darasani inamwita gunia.

Kijana aliyeambiwa amekanyaga waya

Wavulana, msidhani nimewasahau. Kijana mmoja wa miaka 19 alikuwa akifanya kazi ya kupasua mbao huko Mafinga. Alirudi kijijini baada ya muda akiwa nusu ya alivyoondoka. Suruali anaifunga kwa kamba. Unajua kilichofuata. Kilabuni watu wanakunywa ulanzi wao na kumaliza kesi: "Huyo amekanyaga waya. Mafinga kuna mambo."

Kijana mwenyewe akaamini. Angekataaje, kijiji kizima kimeshapima? Akajifungia kwa bibi yake. Alikuwa na kiu isiyoisha, anakunywa maji ndoo kwa ndoo, na usiku anaamka mara tano, mara sita kukojoa. Alikula na bado alizidi kukonda. Bibi alimsihi aende hospitali, akakataa. Aliniambia baadaye: "Niliogopa watu wa njiani kuliko ugonjwa. Wakiniona nashuka pale getini, si ndio nimethibitisha?"

Siku alipoanza kutapika na kupumua kwa nguvu kama aliyekimbia, mjomba wake hakuuliza tena. Alimpakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva. Pumzi yake ilikuwa inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Muuguzi alimtoboa kidole, tone moja la damu, akaliweka kwenye kile kimashine kidogo. Sukari ilikuwa juu mno. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilionyesha hana.

Ilikuwa kisukari cha aina ya kwanza. Katika ugonjwa huu kongosho linaacha kutengeneza insulini, ile homoni inayofungua mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Bila insulini unakula lakini chakula hakikufikii, kwa hiyo mwili unaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza na misuli baadaye. Sukari inayojaa kwenye damu inatoka na mkojo, inavuta maji, ndiyo maana ya ile kiu. Huwapata zaidi watoto na vijana, wanene kwa wembamba, na hauletwi na kula pipi. Mgonjwa akichelewa anapoteza fahamu na anaweza kufa ndani ya siku chache. Akipata insulini anaishi. Huyu wetu anajichoma sindano kila siku, na nilipomwona mara ya mwisho alikuwa analima nyanya kwenye kinyungu cha bibi.

Kwa hiyo shika hili: kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kukonda haraka na kuchoka. Mtu akiwa nayo hayo, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku, apimwe kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure na kinapona. Na ingekuwa kweli ni virusi vya UKIMWI? Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kilichotaka kumuua kijana huyu ni midomo ya kilabuni.

Tena kwa kuwa tumezitaja dawa hizo: siku hizi anayezitumia vizuri humtambui kwa kumtazama, na virusi vikifubaa mpaka havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Zamani palikuwa na dawa iliyoitwa stavudini, iliyowachimba baadhi ya watu mashavu na kuwajaza tumbo. Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009. Dawa ya dolutegravir, ambayo ilianza kusambazwa kwa wingi nchini mwaka 2019, ni nzuri sana kwa kuzima virusi, na baadhi ya watumiaji huongezeka uzito. Sasa wasengenyaji nao wamegeuza kitabu. Ukinenepa ghafla wanasema, "Ameanza dawa." Jamani! Ukikonda unao, ukinenepa unao. Si bora waseme tu kwamba hawajui?

Hata kwa watoto jicho linakosea

Mfano mmoja mfupi, maana unatuhusu. Iringa inalisha nchi mahindi na viazi. Lakini utafiti wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Hakuna mkoa ulioizidi. Wengi wa watoto hao ukiwatazama wana mashavu, wana tumbo la mviringo, na jirani anamsifia mama yao kwa kuwalea. Wameshiba ugali na uji wa mahindi matupu. Kilichokosekana ni mayai, maharage, dagaa, maziwa, mboga na matunda. Jicho limeona shibe, futi kamba imeona njaa.

Basi unene hauna madhara?

Una madhara, na nisingekuwa mwelimishaji wa kweli kama ningekuficha. Mafuta yakizidi mwilini, hasa tumboni, hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na maumivu ya magoti inaongezeka. Tatizo lenyewe linakua. Mwaka 2004-05 wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa 18 katika kila 100. Mwaka 2015-16 walifika 28.

Sababu ziko nyingi, na uvivu unatajwa na watu kuliko unavyostahili. Kuna damu ya ukoo: kama baba, mama na shangazi wote wana maumbo makubwa, usishangae. Kuna dawa fulani za kifafa, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango. Kuna tezi ya shingo inayofanya kazi polepole. Kuna usingizi mdogo na mawazo mengi. Na kuna mabadiliko ya maisha: pikipiki imechukua nafasi ya miguu, chipsi mayai imechukua nafasi ya kande, na chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai karibu tisa.

Sasa swali ni hili: kumcheka mtu mnene kunamsaidia apungue? Wapo wanaoamini hivyo kabisa. Wazazi wengine wanaamini hivyo. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 6,000 kuanzia 2006 hadi 2010, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wale ambao mwanzoni hawakuwa na unene wa kupindukia lakini walisema wanabaguliwa kwa sababu ya uzito wao, uwezekano wao wa kuishia na unene huo ulikuwa mara mbili na nusu ya wenzao.

Ukimfikiria yule binti hutashangaa. Aliacha netiboli, mchezo uliokuwa ukimtoa jasho kila jioni. Aliacha kula mbele ya watu mchana, kisha usiku, matroni aliniambia, alikuwa anakula mkate mzima chini ya shuka. Mwili uliofungwa njaa hauwi na adabu, ukipata mwanya unalipiza. Na ile huzuni yenyewe hupandisha homoni za mfadhaiko, ambazo huongeza hamu ya vitu vitamu na vya mafuta.

Vidonge vya kunenepa, chai ya kukonda

Hapa nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo vijana wanapoumia kimya kimya.

Wembamba wanauziwa vidonge vya "kuongeza mwili", "kuweka hipsi". Mara nyingi ndani yake mna siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Inaongeza hamu ya kula, kweli, na inakufanya usinzie darasani. Ukiiacha, hamu inaondoka na kilo zinaondoka. Mbaya zaidi ni deksamethasoni. Hii ni dawa muhimu hospitalini, daktari akiitoa kwa sababu maalumu. Ukijinywea kwa miezi ili uso uwe wa duara, inakujaza maji na mafuta, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa, na inashusha kinga yako. Tena ukiizoea kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuzimia kwa sababu umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Kama umekuwa ukiitumia, usikurupuke kuitupa. Nenda kwa daktari na pakiti yake mkononi, akupunguzie taratibu. Hatakufunga.

Wanene wanauziwa chai. Nyingi zina majani ya sena, dawa ya kuharisha. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi, mafuta yako yamebaki palepale. Ndiyo maana mizani inashuka leo na inapanda keshokutwa ukinywa maji. Chumvi ya potasiamu ikipungua sana moyo unapoteza mdundo wake. Yule binti alianguka mchakamchaka akiwa na tumbo tupu na mwili usio na maji.

Ukitaka kujua, pima

Kwanza balehe. Wasichana, kati ya miaka 10 na 16 hivi mwili unaweka mafuta kwenye nyonga, mapaja na matiti. Ndivyo unavyotakiwa, na mafuta hayo ni sehemu ya kupata hedhi ya kawaida. Wavulana, wengine mnarefuka kwanza mnakuwa kama fito, misuli inafuata baadaye. Msikimbilie vidonge kwa jambo ambalo kalenda italimaliza.

Kipimo cha wataalamu ni kile cha kugawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita, halafu kugawanya tena kwa urefu huo huo. Mtu mzima wa kilo 58 na urefu wa mita 1.60 anapata karibu 22.7. Kwa watu wazima, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni sawa, 25 na kuendelea uzito umezidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia. Lakini hesabu hii ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa takwimu ambaye hakuwa daktari, na yeye alikuwa akichunguza umma, hakuwa akimtibu mtu mmoja mmoja. Haitofautishi misuli na mafuta. Na kama hujafika miaka 19, namba hizo si zako. Wahudumu wa afya wana chati maalumu ya umri na jinsia.

Nyumbani unaweza kutumia kamba. Jipime urefu kwa kamba kuanzia kisigino mpaka utosini, ikate hapo. Ikunje katikati, uizungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani (nakuona!). Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, nenda zahanati au Hospitali ya Tosamaganga ukapimwe shinikizo la damu na sukari. Mjamzito haimhusu.

Na kama kweli unatakiwa kupungua? Jaza nusu ya sahani mboga na matunda, maji badala ya soda, lala vya kutosha, usiruke mlo. Sogeza mwili dakika 60 kwa siku, na kwa milima yetu hii kwenda kisimani na kurudi kunahesabika. Kwa kijana anayekua, mara nyingi inatosha kilo kutulia wakati urefu unaendelea kupanda. Anayetakiwa kuongezeka naye aongeze karanga, parachichi, maharage, maziwa na mayai.

Mtaniuliza, "Na yule anayenitania nimjibuje?" Kwa rafiki, mwambie mkiwa wawili: jina hilo linaniumiza, niite langu. Wengi hawajui wanaumiza. Kwa mkubwa, heshima inabaki: "Shikamoo shangazi. Niko salama, nimepimwa juzi." Neno "nimepimwa" linafunga mjadala haraka kuliko hasira. Likiwa ni la mwalimu, au limegeuka kuwa la bweni zima, mwambie matroni au mtu mzima unayemwamini. Na ukiona umeanza kujitapisha, kujificha kula au kutamani usiwepo, usingoje muhula uishe, mwambie mtu leo.

Mimi nilirudi kwa yule binti kumwomba radhi. Ilikuwa vigumu kuliko mtihani wowote wa chuo. Chai ameshaiacha, na anasema netiboli ameanza tena, ingawa anavaa suruali ya michezo ndani ya sketi na mwalimu amemruhusu. Siku hizi tukienda shuleni tunaning'iniza kitenge kwenye kona, mizani inakaa nyuma yake, anaingia mmoja mmoja, na namba inaandikwa kwenye karatasi inayokunjwa. Foleni ni ndefu zaidi.

Nilipomaliza kuomba radhi alinitazama, akacheka kidogo, akaniuliza, "Na wewe una kilo ngapi?"

Nikavua viatu, nikapanda. Alisoma mwenyewe, na mpaka leo hajamwambia mtu.